Namba Iliyofundwa na Macho

Mwaka 2009 Zhou Wang na Alan Bovik walichapisha makala yenye picha ya Albert Einstein iliyorudiwa mara kadhaa. Ya kwanza ni safi. Zinazofuata zimeharibiwa makusudi, kila moja kwa namna yake: moja imesogezwa mwanga wake wote, nyingine imekolezwa weusi na weupe, nyingine imejaa chenga, nyingine imetiwa ukungu, na nyingine imebanwa kwa mfumo wa JPEG hadi uso wa mzee yule umekuwa vigae vitupu. Chini ya kila picha wameandika namba. Ni kipimo cha ukubwa wa kosa, ambacho wahandisi walikuwa wamekitumia kwa miongo mingi bila kukitilia shaka sana. Kwenye picha nilizozitaja namba hizo zinakaribiana mno: zinaanzia 306 na kuishia 313. Kwa kipimo hicho, picha zote zimeumia sawasawa.

Mwenye macho hawezi kukubali. Ile iliyosogezwa mwanga, mpaka uiweke ubavuni mwa picha safi ndipo utagundua kuna kilichobadilika. Ile ya vigae hata mtoto atakwambia imeharibika. Naupenda sana ukurasa ule. Haukitukani kipimo cha zamani. Unakiacha kijieleze chenyewe mbele ya msomaji, kisha unamwachia msomaji macho yake aamue. Ndivyo walivyo mafundi wa kazi hii ya kupima ubora wa picha zilizokarabatiwa kwa kompyuta. Kazi yao ni kutafuta namba, lakini namba yenyewe wanaipeleka kila mara kwa watu ikahojiwe.

Kipimo kilichowekwa kizimbani huitwa wastani wa miraba ya makosa. Unachukua picha asilia na picha iliyokarabatiwa, unalinganisha pikseli ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, mpaka mwisho. Kila tofauti unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha zote, unagawa kwa idadi ya pikseli. Tofauti ya 2 inakuwa 4. Tofauti ya 10 inakuwa 100. Wakitaka namba ipande kadiri picha inavyokuwa nzuri, wahandisi huigeuza kuwa desibeli: katika picha ambayo mwanga wake una ngazi kuanzia 0 hadi 255, kosa la 65 ni sawa na desibeli 30. Hesabu ni nyepesi, inaingia vizuri katika milinganyo mingine, na juu yake ndipo Norbert Wiener alipojenga kichujio chake maarufu cha mwaka 1949, ambacho bado kinafundishwa vyuoni. Hakuna sababu ya kuidharau.

Kasoro yake ni kwamba haimjui jirani. Kila pikseli inahukumiwa peke yake, kana kwamba haikuzungukwa na kitu. Ukizitawanya pikseli za picha zote mbili kwa mpangilio mmoja, sura ikapotea kabisa, namba haitatikisika hata kidogo. Jicho haliko hivyo. Jicho linasoma ukingo wa shavu, mstari wa nyusi, mshono wa kola. Linasoma pikseli zikiwa zimeshikana. Katika ile picha ya Einstein iliyosogezwa mwanga, kila pikseli imehama ngazi 17 au 18 hivi, lakini zote zimehama pamoja, na uhusiano wao haukuguswa. Ndiyo maana jicho linasamehe.

Namba yenye akili zaidi isingepatikana bila kwanza kuwaketisha watu kwenye viti. Hapa ndipo ufundi huu unaponivutia kuliko popote, na kwa bahati mbaya ndipo wasomaji wengi wa makala za kitaalamu wanaporuka kurasa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lenye makao Geneva, lina mwongozo uitwao BT.500, ambao toleo lake la kwanza ni la mwaka 1974. Ulitungwa kwa ajili ya televisheni, lakini wapimaji wa picha za kila aina wamejifunza kwake. Unaagiza watazamaji wasiopungua 15. Kabla hawajaketi, wanapimwa macho kwa ile chati ya herufi zinazopungua ukubwa, kisha kwa vibao vya Ishihara vyenye tarakimu zilizofichwa ndani ya vidoa vya rangi, ili ajulikane asiyetofautisha nyekundu na kijani. Mwanga wa chumba umepangwa. Ukuta ulio nyuma ya skrini una mwanga wake hafifu. Umbali wa kiti unapimwa kwa kimo cha picha. Kikao hakizidi nusu saa, kwa sababu jicho lililochoka linaanza kutoa alama za kuchoka.

Njia mojawapo ya mwongozo huo inaonyesha picha mbili mbili. Moja ni asilia na nyingine imepitia mikono ya fundi, lakini mtazamaji haambiwi ipi ni ipi, na nafasi zake zinabadilishwa bila utaratibu unaoweza kukisiwa. Anatoa alama kwa zote mbili, kwenye mstari wenye ngazi tano kuanzia bora sana hadi mbaya. Baadaye mpimaji anachukua tofauti ya alama hizo. Kwa hiyo mtazamaji anayependa kutoa alama za juu na mwenzake mwenye mkono mzito wanaweza kuwekwa kwenye mizani moja, kwa kuwa kila mmoja amelinganishwa na yeye mwenyewe.

Kisha kuna utaratibu mdogo ambao kwangu ndio alama ya ustaarabu wa kazi nzima. Picha chache za mwanzo wa kikao zinaonyeshwa na kupewa alama kama zilivyo nyingine, lakini alama zake hazihesabiwi. Wapimaji wanajua kwamba mtu akiketi mbele ya skrini ngeni hajui bado mbaya ni mbaya kiasi gani na nzuri ni nzuri kiasi gani. Wanamwachia nafasi ya kulituliza jicho, na wala hawamwambii, asije akajiona anajaribiwa. Thamani ya data zote zitakazofuata inategemea subira ya dakika zile.

Alama zilizokusanywa kwa uangalifu wa namna hiyo zinadumu kuliko programu yoyote. Katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Hamid Sheikh, Bovik na mwenzao walichukua picha 29, wakaziharibu kwa njia tano, wakapata picha 779, na kukusanya hukumu zaidi ya 25,000 kutoka kwa watu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na yametumiwa na watafiti dunia nzima. Seti nyingine, TID2013, ina picha 3,000 zilizoharibiwa kwa namna 24, na alama zake zilitoka kwa watazamaji 971 wa Finland, Ufaransa, Italia, Ukraine na Marekani. Kipimo kipya kinapozaliwa, hupelekwa mbele ya seti hizo na kuulizwa swali moja: je, unazipanga picha kwa mpangilio uleule waliozipanga watu? Kikishindwa, kinarudi mezani, hata kama hesabu zake ni za kupendeza namna gani.

Miongoni mwa vipimo vilivyopita mtihani huo, kilichoenea zaidi kilitolewa mwaka 2004 na Wang, Bovik, Sheikh na Eero Simoncelli. Kinaitwa SSIM, yaani kipimo cha kufanana kwa muundo. Badala ya kuhoji pikseli mojamoja, kinapitisha kidirisha cha pikseli 11 kwa 11 juu ya picha zote mbili, na kila kinaposimama kinauliza mambo matatu. Je, wastani wa mwanga hapa unalingana? Je, tofauti ya weusi na weupe ina nguvu ileile? Na mwanga na kivuli vinapanda na kushuka mahali palepale? Pikseli za katikati ya kidirisha zina sauti kubwa kuliko za pembeni. Majibu matatu yanazidishwa, wastani wa madirisha yote unachukuliwa, na picha zinazofanana kabisa zinapata 1.

Ndani ya swali la kwanza kuna busara ambayo mtu anaweza kuipita bila kuiona. Kipimo hakiulizi mwanga umeongezeka kwa kiasi gani, kinauliza umeongezeka mara ngapi. Ukiwasha kibatari katika chumba chenye giza, chumba kizima kinageuka. Ukikiwasha uani saa sita mchana, hakuna atakayejua umekiwasha. Macho yetu yanapima uwiano, na wale wanne waliuweka uwiano huo ndani ya mlinganyo wao. Mrudie Einstein kwa kipimo hiki: picha iliyosogezwa mwanga inapata 0.987, ile ya vigae inapata 0.580. Namba imeanza kusema lugha moja na mtazamaji. Mwaka 2015 hao wanne walitunukiwa tuzo ya Emmy ya uhandisi wa televisheni, heshima ambayo ni nadra kumfikia mtu kwa ajili ya mlinganyo.

Lakini mimi nadhani zawadi yao kubwa kwa mafundi wa kukarabati picha ni ramani. Kwa kuwa kidirisha kinatoa jibu kila mahali kinaposimama, majibu yote yanaweza kuchorwa kama picha ya tatu: panapong'aa pamebaki salama, penye giza pameumia. Fundi haambiwi tu kwamba kazi yake ina 0.91. Anaonyeshwa kwamba anga iko sawa, kanzu iko sawa, na alichokiharibu ni ndevu.

Tena kukarabati kuna mtego wake, na ilichukua muda kuuona wazi. Chukua picha ndogo ya uso, uiambie kompyuta iikuze mara nne kila upande. Pikseli moja inatakiwa kuzaa 16. Nywele zilizokuwa ndani ya pikseli ile zingeweza kulala kushoto, kulia, kujikunja, hakuna ajuaye. Kompyuta iliyofundishwa kupunguza wastani wa miraba ya makosa inafanya jambo la busara kwa mujibu wa mafunzo yake: inatoa wastani wa nywele zote zinazowezekana. Na wastani wa nywele nyingi ni ukungu. Mwaka 2017 Christian Ledig na wenzake walionyesha programu iliyokataa njia hiyo, ikafundishwa kutoa nywele zinazoaminika badala ya wastani wake. Walipoijaribu kwa seti ya picha 100, desibeli zilishuka, kutoka 27.58 hadi 25.16. Alama za watazamaji 26, kwa ngazi ya 1 hadi 5, zilipanda kutoka 2.29 hadi 3.56. Kipimo na watu walikwenda njia tofauti kabisa, na watafiti wale waliweka matokeo yote mawili kwenye jedwali moja, kila mtu aone.

Mwaka uliofuata Yochai Blau na Tomer Michaeli, wa chuo cha Technion, walithibitisha kwa hesabu kwamba ugomvi huo hauna suluhu kamili. Ukishafika mpaka fulani, huwezi kuisogeza picha karibu zaidi na asilia, pikseli kwa pikseli, bila kuiondolea uhalisia wa kutazamwa. Wala huwezi kuiongezea uhalisia bila kuitenga na asilia. Fundi anachagua asimame wapi kwenye mpaka huo. Ni matokeo ya unyenyekevu mkubwa katika fani iliyozoea kila mwaka kutangaza namba iliyopanda.

Yote haya yanahitaji picha asilia ya kulinganishia. Maabara wanayo, kwa sababu wameiharibu wenyewe. Nje ya maabara haipo. Ingekuwapo, nani angekarabati? Wanaastronomia waliishi na shida hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu. Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990, na muda si mrefu ikagundulika kwamba kioo chake kikuu, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilikuwa kimechongwa bapa kupita kiasi ukingoni, kwa mikromita 2.2 hivi. Nyota zikatoka na ukungu kuzizunguka. Wengi walitumia njia ya hesabu iliyobuniwa na William Richardson mwaka 1972 na Leon Lucy mwaka 1974, ambayo hukisia anga halisi, huitia ukungu unaojulikana, hulinganisha na picha iliyopigwa, kisha husahihisha kisio, tena na tena. Ukiacha mapema, ukungu unabaki. Ukiendelea mno, chenga zinaanza kujigeuza vinyota ambavyo havipo angani. Kujua pa kuishia ndiyo kazi yenyewe. Desemba 1993 wanaanga walikwenda kuiwekea darubini vifaa vya kusahihisha, na galaksi ya M100, iliyokuwa imepigwa picha wiki chache kabla, ikapigwa tena kabla ya mwaka kwisha. Ni mara chache ukungu na uwazi wa kitu kilekile hupatikana kwa kupishana majuma tu.

Picha za familia hazina mwanaanga wa kwenda kuzirekebisha. Kwenye studio za Kariakoo au Mombasa mjini mtu analeta picha ndogo ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, imekunjwa katikati, ukungu wa unyevu umekula pembe, na anaomba ikuzwe itundikwe sebuleni. Aliyepigwa hayupo tena. Siku hizi programu inafanya kwa sekunde kazi iliyokuwa ya jioni nzima, na inatoa uso laini, macho yanayong'aa. Je, ni uso wake? Juni 2020 programu iitwayo PULSE, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa pikseli, ikarudisha uso wa Mzungu. Uso ulikuwa safi, wa kuaminika, na ukipunguzwa tena pikseli ulifanana na picha iliyoingia. Kwa lengo ililokuwa imepewa, programu ilikuwa imefaulu.

Nchi yetu, Tanzania, inanipa mfano unaonisumbua zaidi. Wazee wa Kimakonde wengi walichanjwa chale usoni, mistari iliyopangwa mashavuni na kwenye paji. Kwa programu ya kuondoa mikwaruzo, iliyofundwa kwa nyuso zisizo na chale, mistari hiyo inaweza kuonekana kama mikwaruzo ya karatasi. Tuseme picha ina pikseli 1,000,000, na chale zimechukua 2,000. Programu inazifuta, kila pikseli ikakosea kwa ngazi 40. Fanya hesabu: 40 mara 40 ni 1,600, gawanya kwa 500, unapata 3.2, ambayo ni desibeli 43. Mhandisi yeyote akisoma 43 atasema kazi ni bora sana. Na mzee amefutiwa ukoo wake usoni.

Sisemi hivyo kuilaumu fani. Nasema kwa sababu fani hii, tofauti na nyingi, tayari ina vyombo vya kuliona kosa la namna hiyo. Ramani ya SSIM ingeonyesha mistari ya giza mashavuni hata pale ambapo wastani wake ungebaki juu kabisa. Vipimo vinavyolinganisha utambulisho wa sura vinatumika sasa katika tafiti za kukarabati nyuso. Na mafundi waangalifu wanahifadhi skani ya kwanza bila kuigusa, pamoja na tabaka la pekee linaloonyesha sehemu zote zilizojazwa na kompyuta, ili atakayekuja baadaye ajue kipi kilipigwa na kamera na kipi kilikisiwa.

Kinachokosekana ni viti. Watazamaji wa zile seti kubwa walikuwa watu makini na alama zao ni za thamani, ila walitazama vitu wanavyovijua wao: nyumba zao, boti zao, nyuso za kwao. Ningependa kikao cha BT.500 kifanyike Newala, kwa Wamakonde wenyewe, pamoja na chati ya herufi, vibao vya Ishihara, nusu saa isiyozidi, na zile picha za mwanzo ambazo alama zake zinatupwa. Picha ziwe za wazee wenye chale, ambazo asilia zake zipo, ziharibiwe kwa mikunjo na unyevu kisha zikarabatiwe kwa programu zinazouzwa leo. Nusu ya watazamaji wawe waliokua wakiziona sura za namna hiyo nyumbani na nusu wawe wageni, ili ijulikane makundi hayo mawili yanaachana wapi. Na karatasi ya alama iwe na safu mbili: moja ya ubora wa picha, nyingine ya kama aliyemo pichani bado ni yuleyule.